Kumpokea shujaa mkongwe: mwongozo kamili kwa mwandishi wa katuni, tukimfuata Black Panther

Kijana mmoja aliniletea kurasa 40 alizochora kwa wino, kila fremu imepigwa rula. Shujaa wake alikuwa Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa kubuni katika katuni za kampuni ya Marvel, ila nchi yake, Wakanda, iliungua kwenye ukurasa wa kwanza, baba yake hakuuawa tena na adui wao Klaw, vibranium, madini yanayoitajirisha nchi hiyo, ilikuwa imekwisha, na T'Challa alikuwa anaendesha teksi. Mkono wa kijana yule ni mzuri, nakiri. Nikamuuliza, "Sasa huyu ni nani?" Akaziangalia kurasa zake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Si yeye?"

Tulikaa mchana kutwa tukizungumza, na mengi ya hapa chini ndiyo niliyomweleza siku ile. Nimeyapanga kwa hatua ili nawe uyafuate daftari likiwa mkononi. Mfano wetu ni Black Panther kwa sababu waandishi waliompokea, yaani waliopokezana kumwandika mmoja baada ya mwingine, waliacha nyayo zinazoonekana wazi: unaweza kuonyesha kwa kidole mahali kila mmoja alipoingilia. Ushauri wangu mkubwa niuseme mapema, maana hatua zote zinautegemea: matukio ya zamani yaache yalivyo, kisha yatafutie sababu ambayo hakuna aliyewahi kuitaja.

Hatua ya 1: Soma kwa safu tatu

Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika kilichotokea. Ya pili, watu wanasema nini kumhusu shujaa. Ya tatu, ambayo ndiyo utakayoishi nayo, andika swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Black Panther alitokea mara ya kwanza mwaka 1966, katika Fantastic Four toleo la 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Mfalme wa nchi ya Kiafrika isiyojulikana anawatumia mashujaa wanne wa New York zawadi ya chombo kinachoruka, anawaalika nyumbani kwake, na wakifika anawawinda mmoja mmoja. Anawashinda, mpaka Wyatt Wingfoot, rafiki aliyefuatana nao, anapomvurugia mpango. Toleo la 53 linaeleza kwamba alikuwa anajipima nguvu kwa wageni hao, kwani anajiandaa kukabiliana na Klaw, mtu aliyemuua baba yake, T'Chaka, kwa tamaa ya vibranium.

Safu ya kwanza imejaa, na ya pili ni rahisi: wanasema ni shujaa, ni mwerevu, ni tajiri. Safu ya tatu ndipo penye mali. Ni mwenyeji wa namna gani huyu, anayemwita mgeni kwa zawadi halafu akamtegea mitego? Raia wake wako wapi, mbona tunawaona kwa mbali tu?

Endelea mbele. Mwaka 1968 T'Challa anajiunga na Avengers, kikosi cha mashujaa huko Marekani. Baadaye anafundisha shule Harlem akitumia jina la Luke Charles. Andika swali haraka kabla halijapoa: mfalme anasahihisha madaftari ya watoto New York, je, kiti kule nyumbani amekikalia nani?

Usiruke matoleo mabaya. Kazi mbovu ina maswali mengi kuliko kazi nzuri, kwa sababu aliyeiandika alikuwa na haraka na akaacha milango wazi. Ukipata maswali 20 umesoma vya kutosha kuanza.

Hatua ya 2: Tenga mifupa na nguo

Katuni hizi zina saa yake. Mambo ya mwaka 1966 husimuliwa leo kama ya miaka michache iliyopita, na shujaa haoti mvi. Kwa hiyo kila mwandishi hulazimika kuchagua abebe nini na aache nini.

Mifupa ya T'Challa ni michache: ni mfalme, nchi yake ni Wakanda ambayo haikutawaliwa na wageni, utajiri wake ni vibranium, baba aliuawa kwa ajili ya utajiri huo, na yeye amebeba cheo cha Panther kwa urithi na kwa kustahili. Ukivunja mmoja kati ya hiyo, kama alivyofanya kijana wangu, umemtengeneza mtu mwingine, na ni heri umpe jina lake mwenyewe.

Nguo ni vingine vyote. Hata jina lilijaribiwa kubadilishwa: mwaka 1972 alijiita Black Leopard kwa muda mfupi, ili asihusishwe na Black Panther, chama cha siasa cha Wamarekani weusi. Chama kilianzishwa Oktoba 1966, miezi kadhaa baada ya mhusika kutoka, lakini watu walikuwa wanavichanganya. Jina jipya halikudumu.

Njia ya kujipima: msimulie mtu habari za shujaa wako bila kutaja kitu fulani. Akikwambia "aah, huyo namjua", basi kile ulichokiacha kilikuwa nguo.

Hatua ya 3: Chagua swali moja, ulifuate mpaka liume

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanachukua maswali saba kwa pamoja na kila moja linapata kurasa tatu. Waandishi watatu waliombadilisha Black Panther kuliko wote walichukua moja moja.

Don McGregor alikuwa mfanyakazi wa Marvel mwenye kazi ya kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa. Mojawapo ya majarida yaliyopita mikononi mwake ni Jungle Action, lililokuwa likirudia hadithi za zamani za Wazungu wanaotamba katika misitu ya Afrika. Alilalamika, na mwaka 1973 akapewa jarida hilo aandike Black Panther. Swali lake lilikuwa lile la kiti: mfalme akikaa ughaibuni miaka, akirudi watu wake watampokeaje? Jibu aliliweka kwenye toleo la 6 likiwa na mwili na sauti, yaani Erik Killmonger, Mwakanda aliyeongoza uasi. Kisa hicho, Panther's Rage, kiliendelea kwa matoleo 13 hadi mwaka 1975, na sehemu kubwa kilichorwa na Billy Graham, Mmarekani mweusi.

Tazama swali lilivyozaa. Kwa kuwa mfalme alikuwa mbali, wakazi wa Wakanda sasa wana majina, ndoa, wivu na chuki. Kwa kuwa anarudi na mwanamke kutoka Marekani, mwimbaji Monica Lynne, nyumba nzima inamtazama mgeni kwa jicho la pembeni. Mwili wa T'Challa nao unalipa: anatupwa kwenye maporomoko, anapambana na mbwamwitu kwenye theluji, vazi lake limechanika toleo baada ya toleo. Na mwishoni anayemsukuma Killmonger maporomokoni ni Kantu, mtoto mdogo aliyeguswa na vita ile. Mfalme hakujiokoa mwenyewe. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo. Swali lilianza na kiti cha enzi, likaishia kwa mtoto.

Christopher Priest alimpokea mwaka 1998, akaandika matoleo zaidi ya 60. Alichukua lile tukio la mwaka 1968, la mfalme kujiunga na Avengers, akaliacha palepale bila kufuta hata nukta. Alichouliza ni hiki: mkuu wa nchi mwenye akili timamu anaachaje ufalme akajiunge na kikosi cha wapiganaji wa nchi nyingine? Katika toleo la 8 T'Challa anakiri kwamba aliingia ili awachunguze. Nchi yake ilihitaji kujua watu hawa wenye nguvu ni wa kuaminiwa au ni hatari.

Sentensi moja tu, na miaka 30 ya hadithi imegeuka sura. Kila kicheko cha zamani mezani pamoja na wenzake sasa kina uzito. Nenda kasome matoleo ya zamani ukiwa na jibu hilo kichwani, utaona hakuna fremu inayolikataa. Hicho ndicho kipimo cha kazi safi: jibu jipya lirudi nyuma na likubaliwe na kurasa za wengine.

Ta-Nehisi Coates, mwandishi wa habari na insha, alianza mwaka 2016 akiwa na mchoraji Brian Stelfreeze. Yeye aligusa mfupa wenyewe bila kuuvunja: nchi yenye watu waliosoma na waliostaarabika kiasi hiki, kwa nini inatawaliwa na mtu mmoja? Katika toleo la kwanza mfalme yuko kwenye mgodi wa vibranium, mbele ya wachimbaji wake mwenyewe waliojaa hasira. Upande mwingine kuna Aneka, mmoja wa Dora Milaje, walinzi wa mfalme. Amemuua mkuu wa kijiji aliyekuwa akiwadhulumu wanawake, na Ramonda, mama wa kambo wa mfalme, anathibitisha hukumu ya kifo. Mwenzake Aneka, Ayo, ambaye ni mpenzi wake, anaiba mavazi ya chuma yaliyokuwa bado yanajaribiwa, anamtoa gerezani, na wote wawili wanaanza kuwalinda wale ambao jeshi la mfalme halikuwafikia. Swali la utawala limepata watu wa kulibeba. Mwisho wa kisa hicho Wakanda inaingia katika utawala wa katiba.

Wapo wengine. Reginald Hudlin alimleta dada, Shuri, mwaka 2005, na mwaka uliofuata akamwoza T'Challa kwa Storm, shujaa mwingine wa Marvel, ambaye kwa simulizi za katuni mama yake ni Mkenya. Lakini ukitaka kujifunza namna ya kuuliza, hao watatu wanatosha.

Onyo moja. Jack Kirby mwenyewe, mmoja wa waasisi, alimrudia Black Panther mwaka 1977. Aliyaweka kando yote ya McGregor, akaandika safari za kutafuta vitu vya kale, pamoja na chura wa shaba mwenye uwezo wa kuvuta watu kupitia wakati. Mchoro ni wa nguvu mno. Lakini kisa cha McGregor kilichokuwa katikati, cha T'Challa dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani, kilibaki kinaning'inia, na msomaji aliyekuwa akikifuata hakuheshimiwa. Hata aliyemzaa shujaa hana budi kusoma yaliyoandikwa alipokuwa hayupo.

Hatua ya 4: Amua tunamwona kwa jicho la nani

Priest alijua kwamba wasomaji wengi wa Marekani hawakuwa wamezoea kumfuata mfalme mweusi wa Kiafrika. Akamweka msimulizi: Everett K. Ross, mfanyakazi mweupe wa serikali ya Marekani aliyepewa kazi ya kumhudumia mgeni huyu. Tunapokutana naye toleo la kwanza hana suruali, amepanda juu ya choo na bastola mkononi. Anaropoka, anarukaruka katika kusimulia, anasahau mpangilio. Na T'Challa? Anasema maneno machache, na mara nyingi hatuingii kichwani mwake kabisa. Kwa kuwa Ross haelewi, sisi tunaanza kuelewa zaidi yake, na heshima ya mfalme inapanda bila mtu kuitangaza.

Zoezi: andika tukio lilelile mara tatu, nusu ukurasa kila moja. Kwanza shujaa asimulie. Kisha asimulie mtu anayemwogopa. Halafu mtu anayempikia au kumfulia. Hilo la tatu mara nyingi ndilo litakalokushangaza, kwa sababu mpishi anajua bwana amekula au hajala.

Hatua ya 5: Yaliyo ya aibu usiyafiche chini ya mkeka

Shujaa mkongwe amebeba mambo ambayo leo yanachoma. M'Baku aliingia kwenye hadithi mwaka 1969 akiitwa Man-Ape, Mwafrika aliyevaa ngozi ya sokwe. Unafanyaje na kitu kama hicho? Filamu ya mwaka 2018 ya Ryan Coogler ilimbakiza mtu, ikabakiza kabila lake la milimani na upinzani wake kwa mfalme, na lile jina ikaliacha. Akawa kiongozi mwenye hoja, mcheshi, mwenye kiburi cha halali. Nakia naye, ambaye kwa Priest alikuwa msichana wa Dora Milaje aliyepotezwa na mapenzi kwa mfalme mpaka akageuka adui, kwenye filamu ni mpelelezi mwenye msimamo wake kuhusu wajibu wa nchi, na aliyemcheza ni Mkenya Lupita Nyong'o.

Njia ni ileile: uliza mtu huyu alikuwa anataka nini kabla mwandishi wa kwanza hajamvalisha dhihaka. M'Baku alitaka kiti. Hilo ni jambo la heshima kabisa, linaweza kuandikwa.

Na sisi wenye Kiswahili tuna sikio la kutumia hapa. T'Challa, M'Baku, W'Kabi, N'Jadaka: ritifaa, ile alama ya ('), zimemwagwa kama chumvi ili majina yasikike ya kigeni. Kwetu ritifaa ina kazi. Toa ile ya ng'ombe uone kama utaelewana na mchungaji. Ukipewa kuandika wahusika wa namna hii, majina yaliyokwisha kujulikana usiyaguse, ila wapya unaowaongeza wape majina ambayo mama angeweza kumwita mtoto wake kutoka uani.

Hatua ya 6: Fanyia mazoezi shujaa asiye na mmiliki

Black Panther ni mali ya Marvel, na Marvel imekuwa chini ya Disney tangu mwaka 2009. Kumchora kwenye daftari lako ili ujifunze, sawa. Kuchapa na kuuza ni kujitafutia kesi. Waandishi wote niliowataja waliajiriwa au waliitwa, na juu yao alikuwepo mhariri.

Kwa hiyo chukua Fumo Liongo. Ni wa pwani nzima, amesimuliwa kwa karne nyingi, na safu ya tatu ya daftari lake haijai. Mifupa yake unaijua: nguvu zisizo za kawaida, ushairi, hofu ya mtawala, kifungo, na kifo kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe.

Sasa fuata hatua. Swali: katika kisa cha kutoroka gerezani, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha ndani yake tupa, kifaa cha kukatia chuma, kwa kuwa walinzi hula mikate mizuri na kumwachia mfungwa makapi. Anayeubeba ni kijakazi Saada. Kila mtu anamkumbuka mama, kila mtu anamkumbuka Liongo. Je, Saada alijua alichobeba? Jicho: msimulizi awe yeye. Tukio lenyewe hatuligusi.

Mswada wa ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

Fremu ya 1, pana. Mikono ya mwanamke wa makamo inakanda unga mweusi wa wishwa. Tupa iko kando ya chano, nusu imefunikwa na kitambaa. Kisanduku, sauti ya Saada: "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuniambia nitoke."

Fremu ya 2. Saada barabarani, kapu kichwani, mkono mmoja umelishika. Kisanduku: "Mkate wa wishwa hauwi mzito vile."

Fremu ya 3. Mlinzi ametia mkono kapuni, anatoa mkate mweupe, anacheka. Hakuna maneno.

Fremu ya 4, ndogo. Vidole vya mlinzi vimegusa mkate mweusi. Hakuna maneno.

Fremu ya 5. Uso wa Saada, macho chini. Mlinzi, sauti kutoka nje ya fremu: "Huo mpelekee bwana wako." Kisanduku: "Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa najua."

Fremu tano zinatosha ukurasa. Ukizidisha saba, mchoraji anakosa nafasi ya nyuso. Kila fremu ibebe tendo moja, na usimwelezee mchoraji kile ambacho maneno yameshakisema. Fremu ya 4 iache kimya, maana msomaji wetu anajua kilichomo na anashika pumzi mwenyewe. Ukurasa unaofuata ni ngoma ya gungu aliyoiomba Liongo, kelele zinazofunika sauti ya tupa kwenye chuma, na Saada yuko miongoni mwa wanaopiga makofi, akiwa peke yake anayesikiliza kitu kingine.

Hatua ya 7: Wape wasomaji wawili

Mmoja awe anayemjua shujaa tangu utotoni. Mwingine asiwe amewahi kumsikia. Kaa nao, usieleze chochote, tazama vidole vyao: wanarudi nyuma ukurasa gani, wanafungua haraka wapi. Asiyemjua akikwama fremu ya kwanza, umetegemea mno kumbukumbu za wengine. Anayemjua akisema "hili halikutokea", mwombe akuonyeshe ni wapi hasa, nenda nyumbani ukasome hapo tena.

Ila akinyamaza, kisha akaenda kutafuta toleo la zamani ili alisome upya, mwache asome. Kijana wangu wa kurasa 40 alirudi baada ya miezi mitatu na kurasa nane tu. T'Challa yuko Harlem, darasani, anasahihisha madaftari. Mtoto mmoja ameandika insha juu ya mfalme aliyeikimbia nchi yake, na mwalimu ameshika kalamu nyekundu juu ya karatasi, hajaandika kitu.